Tahariri: Mkopo wa Siku ya Shida



Mara nyingi tunapozungumza juu ya haki katika kurasa za namna hii, twazungumza juu ya mambo makubwa: ardhi iliyoporwa, mirathi ya mjane, kura, rushwa mahakamani. Leo twapenda kuzungumza juu ya fedha kidogo. Twasema kidogo kwa sababu ndivyo ilivyo: shilingi elfu thelathini, elfu hamsini, laki moja, mara chache laki tatu. Ni fedha ambayo mtu anaihitaji leo kabla ya jua kuchwa, hana, na anatumaini kuirudisha baada ya wiki mbili au mwezi. Kwa ajili ya fedha hiyo kidogo zimepotea cherehani, pikipiki, mabati ya nyumba, na katika familia nyingine ndoa zenyewe. Watu wameipa mikopo hiyo jina, nao hawakukosea: kausha damu.

Husemwa, hata na watu wema, kwamba anayeingia katika mikopo hiyo ni mpenda anasa asiyejua kupanga matumizi yake. Wapo wa namna hiyo, nasi hatuwatetei. Aliyekopa kwa riba ili apate kushona sare ya harusi ya jirani atajibu mwenyewe. Lakini watazameni wengi wao wanavyopata riziki. Mama lishe hupata fedha yake kila siku, na nusu ya fedha hiyo si yake, ni mtaji wa kesho. Kijana wa bodaboda aliyechukua chombo kwa mkataba humpelekea mwenye chombo hesabu yake kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe. Mkulima wa pamba au wa kahawa hushika fedha ya maana mara moja kwa mwaka. Mwalimu hungoja mwisho wa mwezi. Mtoto hupandwa na homa tarehe 12, usiku, na hospitali hudai fedha ya vipimo na dawa asubuhi.

Kisha kuna Januari. Ada ya shule za serikali ilifutwa kuanzia mwaka 2016 hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikafutwa kwa kidato cha tano na cha sita. Ni jambo jema lililowapa nafasi watoto wengi. Hata hivyo sare, viatu, madaftari, godoro la bweni na nauli havikufutwa, na vyote hudaiwa katika majuma yale yale mawili, punde baada ya Noeli. Kuna na misiba pia. Ndugu amefariki Dar es Salaam, na ukoo wataka azikwe kwao Bukoba au Songea. Jeneza halingoji mahindi yauzwe.

Basi anachokosa mtu wa namna hii si akili ya kupanga. Anakosa akiba, na anakosa mtu wa kumwazima. Atakayempa fedha siku hiyo hiyo bila maswali mengi ni mmoja tu, naye anajua thamani ya kuwa mmoja tu.

HESABU YENYEWE

Hatuna budi kuifanya hesabu hii, maana mkopeshaji amekwisha kuifanya. Tuchukue mfano wa mama anayekopa shilingi 100,000 kwa masharti ya aina iliyozoeleka mitaani: riba ya asilimia 20, marejesho ya kila siku kwa muda wa siku 30. Kwa masikio yake masharti hayo yana huruma. Atarudisha 120,000, yaani 4,000 kwa siku, na 4,000 kwa siku anaziona katika biashara yake.

Lakini kabla hajapewa hukatwa 10,000 za fomu na huduma. Mkononi anashika 90,000. Amelipa basi 30,000 kwa kupewa 90,000, ambayo ni theluthi nzima. Wala hapo si mwisho. Kwa kuwa anaanza kurudisha kesho yake, zile 90,000 hakukaa nazo mwezi mzima. Siku ya kumi na tano amekwisha kurudisha 60,000. Ukipima wastani, fedha ya mkopeshaji iliyokuwa mikononi mwake katika mwezi ule ni kama nusu tu ya alichopokea, yaani karibu 45,000. Na kwa kutumia hizo 45,000 kwa mwezi mmoja amelipa 30,000. Si rahisi genge la mboga au meza ya dagaa kuzaa faida ya kiasi hicho kwa mwezi. Kwa hiyo hailipi faida ile kutoka katika faida yake, bali kutoka katika mtaji, kisha kutoka katika chakula cha watoto.

Yuko na yule wa mkupuo. Amechukua 100,000 kwa asilimia 30, alipe yote mwisho wa mwezi. Siku inafika, ana 30,000 tu. Mkopeshaji anazipokea kwa upole, anaziita riba, na kumwambia deni libaki mpaka mwezi ujao. Baada ya miezi minne amelipa 120,000, na bado anadaiwa 100,000 zote kama siku ya kwanza. Upole ule ndiyo biashara yenyewe. Mdeni anayelipa riba kila mwezi asimalize kamwe ana faida kubwa kuliko yule anayemaliza. Wengi wakifika hapo huenda kwa mkopeshaji wa pili ili wamtulize wa kwanza, na tangu hapo hata mume au mke hajui tena wanadaiwa kiasi gani, na nani.

Sheria ya nchi haiko kimya. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwagawa watoa huduma katika madaraja manne. Mkopeshaji asiyepokea amana za watu yuko katika daraja la pili: hana budi kuwa na leseni ya Benki Kuu ya Tanzania, na riba yake imewekewa kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 100,000 hiyo ni shilingi 3,500. Linganisheni na zile 30,000 za mama yetu. Ndiyo maana wengine huandika riba ndogo katika mkataba, kisha wakarundika juu yake ada ya fomu, ada ya kutembelea nyumba, na faini ya kila siku ya kuchelewa. Mwamini anayeulizwa riba ni asilimia ngapi aulize swali jingine: nitashika ngapi mkononi, na jumla nitarudisha ngapi?

KUINGIA NYUMBANI MWA MTU

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, yamo maagizo matatu ambayo wasomaji wengi huyapita haraka kwa kuyaona ya zamani mno. Mkopeshaji amekatazwa kuchukua jiwe la kusagia liwe rehani, kwa kuwa akilichukua amechukua uhai wa mtu. Amekatazwa kuingia nyumbani mwa mdeni kujitwalia rehani. Asimame nje, mdeni mwenyewe amletee. Na ikiwa mdeni ni maskini, vazi lake lirudishwe kabla ya jua kuchwa, maana hulalia hilo.

Maagizo haya yaliwekwa kwa watu waliojua vizuri jinsi mdai anavyoingia nyumbani, nasi twajua pia. Gari dogo huja na vijana watatu. Huchukuliwa televisheni, jiko la gesi, kochi, godoro. Huchukuliwa cherehani, ambayo ndiyo jiwe la kusagia la siku hizi, na baada ya hapo mdeni hutakiwa alipe kwa mikono mitupu. Huchukuliwa hivyo bila amri ya mahakama, mbele ya watoto, na majirani wakiangalia, kwa sababu aibu nayo ni sehemu ya ukusanyaji. Kwa watumishi wenye mshahara njia ni nyingine: mkopeshaji hukaa na kadi ya benki ya mwalimu au ya muuguzi pamoja na namba yake ya siri, hutoa chake mwisho wa mwezi, kisha humpa mwenye mshahara kilichobaki. Benki zote hukataza mtu kutoa namba yake ya siri, na kila mwenye kadi amekwisha kuambiwa hivyo. Wanazitoa kwa sababu mtoto yuko hospitali.

Kwa wale wanaokopa kwa simu, kijana na gari havihitajiki. Kuna mikopo halali ya simu, inayotolewa na benki kwa ushirikiano na kampuni za simu, nayo imewaokoa wengi; ina gharama zake, lakini walau zinajulikana. Kuna na programu nyingine ambazo mtu huziweka katika simu yake, na kabla ya kumpa hata elfu ishirini humtaka aruhusu zisome majina na namba zote alizohifadhi. Akichelewa siku mbili, ujumbe wa kumtukana hupelekwa kwa mwajiri wake, kwa mama mkwe, kwa katekista, kwa kila mtu aliyemo. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza kuyafungia majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haimpi mkopeshaji ruhusa ya kutangaza deni la mtu kwa rafiki zake. Lakini programu ikifungwa kwa jina moja huweza kufunguliwa kwa jina jingine, na mwenye shida ya usiku haanzi kutafuta orodha ya wenye leseni. Viongozi wa vijana katika parokia waijue orodha hiyo, waieleze mapema, wakati hakuna aliye na shida.

Tuseme na hili, ingawa litawachoma baadhi yetu. Mkopeshaji si mgeni siku zote. Katika sura ya 5 ya kitabu cha Nehemia watu wanalia kwamba wameweka rehani mashamba na nyumba zao ili wapate nafaka na fedha ya kodi ya mfalme, na wanaowadai ni Wayahudi wenzao, tena wakuu wao. Nehemia hakuwaita faragha. Aliitisha mkutano, akadai mashamba yarudishwe pamoja na riba iliyokuwa ikitozwa, nao wakakubali. Wako kati yetu watu wanaokopesha kwa asilimia 30 kwa mwezi, nao husoma masomo altareni na hutoa michango mikubwa kuliko wote. Baraza la walei linaloshukuru kwa mabati waliyoyatoa lingepaswa kwanza kujua fedha ya mabati imetoka wapi.

KWA NINI HAKUJA KWETU

Jumuiya ndogo ndogo za Kikristo zipo karibu kila mtaa. Hukutana kila juma. Wajumbe wake wanajuana kwa majina, wanajua nani ni mgonjwa na nani amefiwa. Kwa nini basi mtu hupita mlango wa mwenyekiti wa jumuiya yake, akaenda kwa mkopeshaji wa stendi?

Sababu moja ni kasi. Mkopeshaji hutoa fedha saa hiyo hiyo. Hata SACCOS nzuri, yenye mkopo wa dharura katika masharti yake, aghalabu hungoja kikao cha kamati ya mikopo na sahihi za wadhamini. Fedha ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani iliyotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ni kwa vikundi na kwa shughuli za uzalishaji. Haikuwekwa kwa ajili ya kumtoa mtoto wodini. Hata mchezo wa kina mama, ule wa kupokezana, una zamu, na shida haifuati zamu.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, nayo ni siri. Mkopeshaji, hata awe mkatili namna gani, siku ya kwanza haulizi. Katika jumuiya mtu aweza kuomba elfu arobaini Jumatano, na Jumapili akasikia habari zake nje ya kanisa, zimeongezwa na chumvi. Ataulizwa mume wake yuko wapi. Atakumbushwa kwamba mwezi uliopita alionekana na kitenge kipya. Kama ombi lake litasomwa mbele ya wajumbe thelathini, wengi wataona afadhali riba. Msidhani hicho ni kiburi tu. Maskini ana kitu kimoja alichobaki nacho mbele ya majirani, nacho ni heshima, na hataki kukiweka rehani kwa elfu arobaini.

Sababu ya tatu ni michango. Mwezi mmoja una mchango wa ujenzi wa kanisa, mchango wa jubilei, kadi mbili za harusi, kipaimara cha mtoto wa jirani, na rambirambi. Kila mmoja una sababu njema. Zikijumlishwa huweza kumaliza akiba ambayo ingeilinda nyumba siku ya ugonjwa. Zipo jumuiya ambamo majina ya wasiomaliza mchango husomwa hadharani, na twajua kwamba wapo waliokwenda kukopa kwa riba ili jina lao lisisomwe. Msimamo wetu ni wazi: mchango wowote wa Kanisa uliolipwa kwa fedha ya kausha damu ulipaswa kusamehewa. Kusoma majina kukomeshwe, na mwenyekiti apewe mamlaka ya kumwambia mtu faraghani kwamba mwaka huu yeye amekwisha kutoa.

FEDHA ILIYOKUSANYWA KABLA

Jambo hili lilikwisha kulisumbua Kanisa zamani sana, na lilipata jibu la vitendo. Katika miji ya Italia ya karne ya 15 maskini aliyepatwa na dharura aliweka vazi au chombo chake rehani kwa riba kubwa. Watawa Wafransiskani walihubiri juu ya hilo, kisha wakaona mahubiri peke yake hayamlipii mtu dawa. Mwaka 1462 katika mji wa Perugia ulianzishwa mfuko ulioitwa monte di pietà, maana yake lundo la fedha za huruma: waliojaliwa walitoa fedha, na maskini walikopeshwa kiasi kidogo kwa muda mfupi, kwa rehani, wakilipa ada ndogo ya kuwalipa makarani na pango la nyumba. Ikawa mabishano makali, maana wengine walisema hata ada ile ni riba. Mwaka 1515 Mtaguso wa Tano wa Laterano, chini ya Papa Leo wa Kumi, uliamua kwamba ada inayofidia gharama tu si dhambi ya riba. Tofauti hiyo ingali na manufaa kwetu. Gharama ya kutunza mfuko ni halali kulipwa. Kosa ni kuifanya shida ya mtu kuwa shamba la kuvuna.

Mawazo hayo yaliendelea katika nchi nyingine. Huko Quebec, Alphonse Desjardins alianzisha chama cha kuweka na kukopa katika mji wa Lévis mwaka 1900, na vingi vilivyofuata viliegemea parokia, kwa sababu katika parokia watu wanajuana. Kwetu SACCOS ni ndugu wa vyama hivyo. VICOBA vina ukoo mwingine: mfumo wake ulianzia kwa wanawake wa vijijini nchini Niger mwaka 1991, wakisaidiwa na shirika la CARE, ukafika Zanzibar na Tanzania Bara mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wengi wenu mnavijua: sanduku lenye kufuli tatu na watunza funguo watatu, hisa zinazonunuliwa kila kikao, na pembeni ya hisa mchango mdogo uitwao mfuko wa jamii.

Ni huo mfuko wa jamii tunaotaka kuuzungumzia, maana ndiyo sehemu ya VICOBA inayosahaulika. Watu hushughulika na hisa na gawio la mwisho wa mwaka, kwa kuwa lina faida, na mfuko wa jamii huachwa uwe wa kununulia soda za kikao. Nao uliwekwa kwa ajili ya siku ya shida.

Fikirini jumuiya ya kaya 30, kila kaya ikitoa shilingi 1,000 kwa juma. Kwa mwezi wa majuma manne ni 120,000. Kwa mwaka mzima ni 1,560,000. Fedha hiyo haimtajirishi mtu. Lakini ikitolewa kwa mikopo isiyozidi 100,000, isiyo na riba, ya kurudishwa ndani ya miezi miwili au mitatu, yaweza kuwahudumia watu wengi kwa mwaka, kwa sababu fedha inayorudi hutoka tena. Kaya isiyoweza 1,000 itoe 200, na haki yake ya kukopa iwe ile ile.

Tunashauri mambo machache ambayo, tukiangalia vikundi vilivyodumu na vilivyokufa, twaona ndiyo yenye uzito. Uamuzi wa kukopesha uwe wa watu wawili au watatu waliochaguliwa kwa sababu ya kujua kunyamaza, wala si lazima wawe viongozi. Mara nyingi bibi mmoja mstaafu anafaa kuliko kamati nzima. Waamue siku hiyo hiyo. Katika kikao cha jumuiya isomwe jumla tu: tumekopesha mara tano, zimerudi nne, sandukuni zipo kiasi hiki. Majina yabaki katika daftari, na daftari likaguliwe kila miezi mitatu na mtu wa jumuiya nyingine, maana siri ya mkopaji isigeuke kuwa kichaka cha mhazini. Marejesho yapangwe kwa kufuata mapato ya mtu, ya mkulima baada ya mavuno, ya mama lishe kidogo kidogo. Asiyerudisha kwa sababu ya msiba mwingine asamehewe kwa uamuzi wa wale watatu. Asiyerudisha kwa ujeuri asikopeshwe tena, na iishie hapo. Jumuiya isimtumie vijana wenye gari dogo.

Wapo watakaouliza: na wale wasiorudisha si watauua mfuko? Wengine hawatarudisha, hilo ni hakika. Lakini mfuko usio na riba hufa zaidi kwa mikopo mikubwa ya viongozi wake kuliko kwa elfu hamsini za wajane. Kwa hiyo kikomo cha kiasi kisivunjwe kwa ajili ya mtu yeyote, awe mwenyekiti, awe katekista.

Kikundi kinachokopeshana kimetajwa pia na ile sheria ya 2018, katika daraja la nne, nacho hutakiwa kusajiliwa kupitia halmashauri. Msiogope jambo hilo. Ofisa maendeleo ya jamii wa kata ataeleza taratibu, na kikundi kilichosajiliwa kina mahali pa kupeleka malalamiko mhazini akitoroka.

Kwa wale ambao wamekwisha kuingia katika deni, twawaambia mambo ambayo mkopeshaji hatawaambia. Deni la mkopo ni shauri la madai. Kushindwa kulipa peke yake si jinai, na hakuna askari wa kumfunga mtu kwa sababu amechelewa rejesho. Mali haichukuliwi nyumbani kwa nguvu kwa sababu tu mdai ameudhika. Kuna taratibu za kisheria, na anayedai aonyeshe karatasi zake. Nyumba ya familia ina ulinzi wa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971: mume au mke hawezi kuiuza wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina lake peke yake. Karatasi isiyojazwa isitiwe sahihi, na nakala ya mkataba idaiwe siku ile ile. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wapo wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa, wanaowashauri wasio na uwezo bila malipo. Kila parokia itafute aliye karibu nayo na ibandike namba yake mahali panapoonekana. Zaidi ya yote, mwenye deni amwambie mwenzi wake kabla gari dogo halijafika. Tumeona ndoa zikistahimili deni kubwa lililosemwa, na kuvunjika kwa dogo lililofichwa.

Kwa mabaraza ya parokia tuna ombi moja la kikao kijacho. Kila jumuiya iulize, bila kutaja majina, ni kaya ngapi zinazolipa marejesho ya kila siku au ya kila juma kwa mkopeshaji wa nje, na idadi hiyo iletwe mezani pamoja na hesabu za michango ya mwaka. Jumuiya zitakazoamua kuanza mfuko zianze baada ya mavuno, mwezi wa Julai au Agosti, wakati walau kuna kitu mkononi. Toka Julai hadi mwisho wa Desemba ni majuma 26. Kaya 30 zitakuwa zimeweka 780,000, nazo zitakuwamo sandukuni wiki ile ya Januari ambapo viatu vya shule hununuliwa.